Herufi Yenye Upepo

Mwalimu wa Kiswahili asiyeweza kutamka P ni kama mchinjaji anayeogopa damu. Maneno hayo si yangu. Ni ya naibu wa mwalimu mkuu, na aliyasema ofisini mbele ya walimu wote, kikombe cha chai mkononi, katika wiki yangu ya kwanza ya kazi, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Asubuhi hiyo alikuwa amepita karibu na dirisha langu akanisikia nikiwaambia watoto, "Chukueni benseli, fungueni ukurasa wa bili." Akatia kichwa ndani akauliza, "Bili gani, mwalimu? Ya maji au ya stima?" Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni na kibarua nilikihitaji. Lakini alipoirudia hadithi hiyo ofisini, na walimu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai, nilishindwa kujizuia.

"Na wewe, mwalimu," nikamwuliza, "jana ulilalamika kwamba mlinzi wa geti anarara kazini. Anarara ndiyo nini?"

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Yeye ametoka huko chini, bara, ambako L na R huazimana nguo. Akisema "kurara" watu husema ni lafudhi. Mimi nikisema "bili" wanasema ni ujinga. Hilo ndilo lililoniunguza, na mpaka leo likinijia nikiwa nasonga ugali, mwiko hukiona cha moto.

Nina hasira, sifichi. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Nilimaliza kidato cha nne hapa Garissa, nikaolewa, nikazaa, mume akaenda Kutulo kuuza katika duka la mjomba wake, nami nikabaki na mtoto wa kike na cheti kilichokuwa kikipauka ukutani. Walimu wa bara walipopungua, kamati ya wazazi ya shule moja upande wa mtoni ikatafuta watu wenye cheti. Wakaniuliza naweza somo gani. Nikasema Kiswahili, kwa kuwa ndilo nililopita vizuri zaidi. Katika mtihani wa kuandika, hakuna anayekusikia.

Naomba nielezwe basi kosa letu ni lipi. Kisomali hakina P. Kiarabu hakina P. Mtoto wa hapa kabla hajaiona shule hupelekwa dugsi, yaani kwa maalimu wa Kurani, na huko hujifunza herufi kwa wimbo, mwili ukiyumba mbele na nyuma: alif haina kitu, ba ina nukta moja chini, ta ina nukta mbili juu. Tafuta P kuanzia alif mpaka ya, hutaikuta. Kwa hiyo siku P inapokuja nyumbani kwetu na vitabu vya serikali, inamkuta ba ameketi mlangoni, anaivisha nguo zake, inaingia ndani ikiwa ba. Hakuna anayegundua mpaka atokee mtu wa kucheka.

Darasa nililopewa halikuwa darasa. Lilikuwa jiko la zamani la shule, mabati juu na mabati ubavuni, bado likinuka maharagwe yaliyoungua mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Naibu alikuwa amekusanya humo watoto wa gredi ya nne na ya tano walioshindwa kusoma, akaniambia waziwazi, "Madam, hawa ni mizigo. Wakae tu wasisumbue wenzao. Na wewe una mtoto analia, kwa hiyo mtafaana."

Mizigo! Mmoja wao alikuwa ameletwa na shangazi yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, shule tatu ameshapita bila kukaa hata moja. Wengine walitoka porini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba zao. Karibu wote walikuwa na juzuu kadhaa za Kurani kifuani, ukimgusa anatiririka kama bomba. Kichwa kinachobeba hayo yote ndicho mtu anakiita mzigo? Nilikwenda nyumbani siku ile nikatupa viatu mpaka kimoja kikaingia kwa jirani.

Katika watoto hao alikuwemo msichana mmoja mrefu. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, akawa anakaa upande, kama mtu aliyepanda punda. Familia yao ilikuwa imehamia pembezoni mwa mji kutoka Balambala, na mbuzi wachache waliosalia. Muda wote aliuma ncha ya mtandio wake. Hasemi. Ukimwuliza jina anatazama chini. Kila mwalimu aliyempitia aliandika kwamba hajui lolote, akaendelea na wengine.

Siku moja nilichoka kuzungumza peke yangu. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni bila kusema neno: "Mwenye kiu atoke akanywe maji." Watoto wakakodoa macho. Wengine wakaanza kunakili. Yule msichana akainuka, akapita mbele yangu na mtandio mdomoni, akaenda mferejini, akanywa, akarudi, akakaa.

Alikuwa anajua kusoma! Kiswahili kilikuwa kimejaa tele ndani yake, na mlango umefungwa kwa ufunguo.

Ufunguo niliupata kwa wenzake wakati wa mapumziko. Nilisikia wakimzunguka na kuimba, "Mtoto wa Bia! Mtoto wa Bia!" Nikamvuta mmoja kwa sikio, akanieleza.

Wakati wa ukame kulikuwa na baraza, serikali ikigawa nyasi za mifugo. Wakati wa kumalizia, karani akauliza kwa Kiswahili nani mwingine anataka. Baba yake msichana, mzee mwenye ndevu za hina, mtu ambaye adhana ya alfajiri humkuta tayari ametawadha, akainua fimbo yake juu ya vichwa vya watu akapaza sauti, "Mimi bia! Na mimi bia!" Alitaka kusema "pia". Karani akajibu, "Mzee, bia hatuna, hapa ni nyasi tu." Vijana wakaanguka chini kwa kicheko. Kabla ya Ijumaa mji mzima ulikuwa unamwita Mzee Bia. Mzee wa msikitini! Akipita karibu na vibanda vya miraa, kijana anainua chupa ya soda: "Mzee, baridi au moto?"

Niliwapanga wale waimbaji ukutani, jua la saa nne likiwatazama usoni. "Kila mmoja aseme: mimi pia." Nami bila shaka nilitamka nilivyotamka. Wa kwanza akasema, "Mimi bia." Wa pili, "Mimi bia." Mpaka wa mwisho, bia tupu.

"Haya," nikawaambia, "walevi wote, kaeni chini."

Nyuma yangu nikasikia kitu kama kikohozi. Niligeuka. Msichana alikuwa ameingiza mtandio wote mdomoni, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Wiki hiyohiyo baba yake akaja getini. Hakuingia. Alisimama nje ya geti kama mtu anayengoja deni la mtu mwingine, akanisalimia, akauliza hali ya mtoto na ya mama yangu, kisha akasema kwa Kisomali jambo alilojia.

"Maalimad, mvua ikinyesha namchukua binti yangu. Mjomba wake anarudisha mbuzi Balambala na anahitaji mtu."

"Adeer," nikasema, kwani mtu wa umri wake kwetu ni ami hata kama hamjuani, "huyu mtoto anajua kusoma."

"Kusoma kwa macho?"

"Kwa macho."

"Na kwa mdomo?"

Nikageuka kulitazama lile jiko la mabati.

"Lugha hii ilinivua nguo mbele ya watu," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo, hasira ningeijibu. "Kama atakaa hapa miaka, na siku atakayofungua mdomo wamcheke kama walivyonicheka mimi, kwa nini nimcheleweshe? Mbuzi hawamcheki mtu."

"Nipe muda, adeer."

"Mvua ni ya Mungu. Si yangu wala si yako."

Akaondoka, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Na mimi nikabaki na jambo la aibu. Kaunti nzima ilikuwa inaomba mvua. Msikitini wanaomba, redioni wanaomba, mama yangu anayeuza maziwa ya ngamia sokoni anaomba kwa machozi, kwa sababu bila malisho hakuna maziwa. Mimi peke yangu nilikuwa juu ya mswala baada ya alasiri nikimwambia Mungu: ilete, Ewe Mola, lakini si kesho. Nipe herufi kwanza.

Mama alinisikia. "Watu wanaomba mvua, wewe unaomba nini?"

"P."

"Bi?"

"Hooyo, ndiyo hiyohiyo."

"Unataka Mungu aizuie mvua ya watu wote kwa sababu ya herufi moja?" Akanirushia kanga. "Acha dua ya wizi."

Nilimpigia mume wangu simu Kutulo, nikitafuta mtu wa kunihurumia. Akauliza, "Siku hizi unafundisha nini?" Nikasema nafundisha P. Akasema, "Bi?" Nikasema, "Siyo Bi. P." Akasema, "Sasa mimi nimesema nini?" Nikakata simu.

Lakini dua ni dua, hata ile ya wizi. Jumamosi nilikuwa nimemlaza mtoto mapajani nikingoja chungu kichemke. Kuni zilikuwa mbichi, moshi tupu. Nikainama kupuliza moto, nikiwa na ghadhabu zangu, nikinung'unika herufi ile huku napuliza: ba, ba, ba. Sijui ni ghadhabu, sijui ni moshi, pumzi ikatoka pamoja na neno. Pa! Mtoto, ambaye uso wake ulikuwa karibu na wangu, akafumba macho, akayafumbua, akacheka. Alikuwa hajaota hata jino moja, ufizi mtupu.

Nikasema, "Ba." Akanitazama kama karani wa serikali anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho.

Nikasema, "Pa." Akafumba macho, akacheka.

Ba. Hakuna kitu. Pa. Kicheko. Ulikuwa upepo tu! Midomo ni ileile, inakutana palepale, ila P hubeba upepo, na upepo ulipompiga mtoto kopeni alicheka. Miaka yote hiyo, walimu wote walionifundisha, hakuna aliyeniambia. Waliniambia, "Sema vizuri." Vizuri ndiyo nini? Nilirukaruka jikoni na mtoto mkononi mpaka uji ukamwagika, na mama alipokuja kuuliza nimepatwa na nini, nikamsogelea usoni nikamwambia, "Pilipili! Papai! Polisi!" Akasema nimepandwa na jini.

Jumatatu nilimkalisha binti yangu juu ya meza ya mwalimu, nikamtegemeza kwa mfuko wa vitabu. "Huyu ndiye mkaguzi," nikawaambia watoto. "Kila mmoja atakuja na P yake. Akicheka, umepita. Asipocheka, rudi ukapulize tena."

Sijawahi kuona foleni kama ile, hata ya maji. Walikuja na nyuso zimekunjamana kwa juhudi. Ba. Mkaguzi anatazama mbali. Ba. Mkaguzi anapiga miayo. Yule wa Dagahaley alipuliza kwa nguvu zote akammwagia mate uso mzima.

"Upepo!" nikapiga kelele nikimpangusa mtoto. "Nimesema upepo, sikusema mvua!"

Akajaribu tena, taratibu, na mtoto akacheka, na darasa zima likalipuka. Aliinua mikono kama mtu aliyefunga bao.

Kisha tukautia wimbo, maana hawa watoto kitu kisichoimbwa hakiingii. Tukayumba mbele na nyuma kama dugsi: alif haina kitu, ba ina moja chini, pa ina upepo mbele! Bati likatetema. Naibu akaja mbio akidhani kuna vita. Akamwona mtoto juu ya meza.

"Madam, hiki ni nini?"

"Kifaa cha kufundishia."

"Kifaa cha kufundishia kinakojoa?"

Kweli, kilikuwa kimekojoa. Nikamwambia, "Njoo, mwalimu, na wewe upimwe." Akakataa. Watoto wakamwita, "Mwalimu, sema pa! Sema pa!" Akasogea, akarekebisha tai yake kama anakwenda kwa mkuu wa elimu, akasema, "Pa." Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nilimwona naibu akijizuia kutabasamu, akashindwa. Alipofika mlangoni akarudi nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na L, madam? L mnaifanyaje?"

Nikamwambia L sijaifikia, lakini aendelee kuja. Siku hizi huja. Sikusema kwamba tumekuwa marafiki; nimesema huja.

Hata hivyo, msichana mrefu hakupanga foleni. Kila nilipomtazama aliuma mtandio. Nami nilimwacha, na kwa mtu kama mimi kumwacha mtu ni kazi kuliko kupasua kuni. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa mtoni. Korongo wakubwa walihama kutoka jalalani wakakaa juu ya miarobaini ya shule, na wazee wakasema ni dalili. Kila asubuhi nilitazama mbingu kama mdaiwa anavyotazama mlango.

Siku moja wakati wa mapumziko nilimwachia yeye mtoto, nikaenda ofisini kuchukua chaki. Nikirudi, nikasikia binti yangu anacheka. Si kicheko kimoja. Kilikuwa kinafuatana, kinakatika, kinaanza tena. Nikachungulia kwenye tundu la msumari katika bati.

Msichana alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Mtandio ulikuwa umeanguka mabegani. "Pia," alisema. Mtoto akacheka. "Pia. Pia. Mimi pia. Na mimi pia." Alisema polepole, kila mara akingoja kicheko kiishe kabla ya kusema tena, kama mtu anayeteka maji na hataki tone limwagike. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

Sikuingia. Nilisimama nje na chaki zangu kwenye jua mpaka kengele ikagongwa, na nikaingia nikikohoa kwanza, kama mkwe anayekaribia nyumba. Alikuwa amekaa upande kwenye dawati lake, mtandio mdomoni.

Mvua ilinyesha siku iliyofuata, mchana, tukiwa katikati ya somo. Ilianza kwa harufu, kisha bati likapigwa kiasi kwamba sikusikia sauti yangu mwenyewe. Watoto wote walikimbia nje na midomo wazi. Nilisikia kelele za furaha mpaka ng'ambo ya barabara, watu wakisema alhamdulillahi, mbuzi, pikipiki, kila kitu kikipiga kelele. Mama yangu alilowa makusudi sokoni, akarudi nyumbani akicheka kama msichana. Mimi nikamshukuru Mungu kwa ulimi. Moyoni nilinuna. Namwomba anisamehe, lakini nilinuna.

Asubuhi, kabla ya wimbo wa herufi kwisha, wimbo ulikatika wenyewe. Mzee alikuwa mlangoni. Ndevu za hina, shuka mabegani, viatu vimejaa matope. Watoto wote walimjua. Hakuna aliyethubutu kucheka, maana niliwatazama.

"Mvua imenyesha, maalimad," akasema.

"Nimeiona, adeer."

"Mjomba wake anangoja."

Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku kucha, makali na matamu, ya dini na ya serikali. Kabla sijalitoa hata moja, msichana akainuka. Nilidhani anachukua mfuko wake. Badala yake akaja mezani, akamchukua binti yangu, akamweka kwenye nyonga yake, akamwendea baba yake mpaka wakawa uso kwa uso, watatu.

"Aabo," akasema kwa Kisomali, na hiyo ndiyo mara ya kwanza darasa kusikia sauti yake, "sema lile neno."

"Neno lipi?"

"Lile walilokuchekea."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aligeuka kututazama sote, taratibu. Nilidhani atainua fimbo. Kisha akamtazama binti yake, na sijui aliona nini hapo, lakini akalisema. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayejitonesha kidonda.

"Bia."

Mtoto wangu alizitazama ndevu zake nyekundu. Basi.

"Umeona? Hacheki," msichana akasema. "Huyu hamcheki mtu anayesema hivyo. Sasa puliza, kama unavyopuliza moto wa kuni mbichi. Hivi." Akamgeukia mtoto. "Pia."

Kicheko. Watoto wakaguna. Yule wa Dagahaley akasimama juu ya dawati, nami sikumshusha.

Mzee akajaribu. "Bia." Akatikisa kichwa. Akaegemeza fimbo ukutani, akainama, akashika magoti. "Bia." Mtoto akapiga miayo. Mzee akavuta pumzi mpaka shuka ikapanda, akasema, "Phhia!"

Kope za mtoto zikafumba. Zikafumbuka. Akacheka, akanyoosha mkono, akazishika ndevu za hina akavuta. Mzee hakuzitoa. Alibaki ameinama hivyohivyo, ndevu zimekamatwa, akasema tena, "Pia!" Na tena, "Pia!" na kila mara mtoto anacheka na kuvuta.

"Wallahi," akaniambia akiwa bado ameinama, "muda wote huu ilikuwa pumzi tu?"

"Pumzi tu, adeer."

"Pumzi ninayo tangu zamani."

Alipojikomboa, alipangusa macho kwa ncha ya shuka. Akachukua fimbo. Msichana alikuwa amesimama akimngoja, mtoto wangu nyongani, mtandio mabegani. Alikuwa ameshasema yote.

"Mbuzi wana mjomba," mzee akasema, na akatoka, akiruka madimbwi.

Huu sasa ni muhula mwingine. Msichana anasoma kwa sauti, na hanyamazi tena, jambo ambalo nalo lina adha yake. Juzi alinikatiza mbele ya darasa: "Madam, si 'fyombo', ni 'vyombo'." Nikakasirika, kisha nikakumbuka kwamba V huhitaji meno juu ya mdomo na mngurumo, na mkaguzi wetu ameanza kuota mawili. Tutaifikia na hiyo. Naibu ameacha kuwaita mizigo. Sasa anawaita "watu wa upepo", na sijaamua kama nimuulize anamaanisha nini.

Jioni iliyopita nilikwenda sokoni kumsaidia mama kubeba madumu yake ya maziwa. Kwenye kibanda cha chai kando yake wazee walikuwa wameketi, na kijana wa chai akauliza nani mwingine anataka.

"Mimi pia," ikatoka sauti, na P yake ilikuwa na upepo wa kuzima mshumaa.

Kijana mmoja aliyeegemea pikipiki yake akaanza kucheka kwa mazoea. "Ah, Mzee Bia!"

Mzee hakukasirika. Alimwita kwa kidole, pole kabisa, akamsogezea kiti. "Njoo, kijana wangu. Sema wewe: mimi pia."

"Mimi bia," kijana akasema.

Mzee akapokea chai yake, akaipuliza.

"Haya, mlevi," akamwambia, "kaa chini."